Kushusha Gari la Mwendo Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali yanayorudi kila mtu anapotaka kushusha Impreza, Altezza, Mark X, Golf GTI au BMW yake. Huulizwa gereji, kwenye magrupu ya WhatsApp, na pale watu wanapokutana wikiendi na kufungua boneti. Tumeanza na mambo ya msingi. Swali likigusa jambo lililokwisha kujibiwa, tunakuelekeza kwenye namba yake.

## Kabla ya kutoa hela

1. Kushusha gari kunasaidia nini, ukiacha muonekano?

Uzito wa gari ukikaa chini zaidi, mzigo mdogo huhama kutoka tairi za ndani kwenda za nje unapokata kona. Gari linalala kidogo, pua haizami sana unapofunga breki, na usukani unajibu mapema.

Sehemu kubwa ya raha hiyo lakini inatokana na springi ngumu zaidi na shokapu zenye nguvu. Zile sentimita zenyewe huchangia kidogo. Gari lililoshuka sentimita mbili likiwa na shokapu nzima litaliacha mbali gari lililoshuka sentimita sita likiwa na shokapu zilizokufa. Kutaka gari lipendeze ni sababu halali kabisa, ila amua mapema unataka lipi kwanza, kwa sababu vifaa vyake havifanani.

2. Nishushe kiasi gani kwa barabara za Dar?

Milimita 20 hadi 30. Hilo ndilo jibu letu kwa gari la kila siku na tunalisimamia.

Watu wengi hupima kwa macho, wakiangalia pengo kati ya tairi na fenda. Kipimo cha maana kimo ndani ya shokapu. Kila shokapu ina nafasi ya kushuka kabla haijafika kwenye ile raba inayozuia chuma kugonga chuma. Tuseme gari lako lina nafasi ya milimita 60 likiwa limesimama. Ukishusha 50, umebaki na 10. Kuanzia hapo kila shimo la Barabara ya Mandela unalipokea kwa raba, springi haina kazi tena, na kwenye kona yenye mawimbi tairi linaruka na kupoteza mshiko. Dereva atasema gari ni gumu na atakwenda kutafuta springi laini, wakati tatizo lake ni nafasi iliyokwisha.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Nyanyua kifuniko cha vumbi cha shokapu, funga kale kamba ka plastiki ka kufungia waya kwenye shafti inayong'aa, kasukume hadi kaguse mwili wa shokapu, kisha endesha njia yako ya kila siku ukiwa na abiria wako wa kawaida. Ukirudi, utakakuta kamepandishwa kwenye shafti. Umbali uliobaki kati ya kamba na raba ndiyo akiba yako, na humo ndimo utakamokata hizo milimita za kushusha. Kwenye shokapu zilizogeuzwa juu chini, kama za Impreza STI nyingi, shafti haionekani, hivyo njia hii haifai.

Halafu angalia unakoishi. Anayelala Masaki na kufanya kazi Posta, akipita Daraja la Tanzanite kila asubuhi, anaweza kufika 35 bila majuto. Anayekaa Goba au Madale ndani, akiacha lami na kushika barabara ya vumbi yenye makorongo, hata 20 zitamsumbua masika. Pima kwa sehemu mbaya kuliko zote ya safari yako, na mara nyingi sehemu hiyo ni ile ya mwisho kabla ya geti lako.

3. Gari langu limetoka kiwandani likiwa la michezo. Bado nishushe?

Kwanza jua umeanzia wapi. Golf GTI ya kizazi cha tano, kwa mfano, ilitoka kiwandani ikiwa chini ya Golf ya kawaida kwa milimita 15. Tangazo la springi likisema "inashusha 30", uliza: kutoka gari lipi? Mara nyingi hesabu hiyo imefanywa kwa gari la kawaida, kwa hiyo kwako litashuka nusu ya hapo. Wapo wanaodhani wameuziwa feki, kumbe hawakuuliza.

4. Nianze na kifaa gani?

Anza na bushi (raba za viungo vya chini), bolijointi (viungo vya mpira wa chuma), taerodi (vyuma vya usukani vinavyogeuza tairi) na maunti za juu za shokapu. Magari mengi tunayonunua yametoka Japani yakiwa na miaka kumi na zaidi, na raba zake zimechoka hata kama bodi inang'aa. Ukiweka springi ngumu juu ya bushi zilizopasuka, gari litapiga kelele zaidi na kuyumba zaidi kuliko mwanzo, na utailaumu springi bure.

Jeki gari, liweke kwenye stendi, shika tairi juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Ukisikia mchezo, tafuta unakotoka. Mtaimbo mfupi kwenye mikono ya chini, yaani vyuma vinavyoshikilia tairi, utaonyesha bushi zilizolegea. Bajeti ikiwa ndogo, fanya hayo na matairi mazuri tu, kisha acha kushusha hadi mwaka ujao. Utashangaa gari litakavyobadilika.

## Springi, shokapu au koilova

5. Naweza kuweka springi fupi nikaacha shokapu za zamani?

Inawezekana kwa muda mfupi, kwa kushusha kidogo, na kama shokapu ni nzima kweli. Springi fupi zimetengenezwa ngumu kuliko za kiwandani, na springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi. Kazi ya shokapu ni kuituliza isirudi ovyo. Shokapu ya kawaida iliyokwisha kutembea kilomita laki moja haina nguvu hiyo. Gari litadundadunda baada ya kila tuta, na shokapu yenyewe itaanza kuvuja mapema kwa sababu sasa inafanya kazi karibu na mwisho wake.

Kwa bei ya kufungua mara mbili na alaimenti (kupanga pembe za tairi) mara mbili, afadhali usubiri ununue vyote pamoja.

6. Shokapu gani zinakwenda na springi fupi?

Tafuta zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lililoshushwa. Bilstein wanaonyesha tofauti hii vizuri: B6 ni ya gari lenye kimo cha kiwandani, B8 imefupishwa kwa ajili ya springi za kushushia. Kwa nje zinafanana, na wauzaji huzichanganya. KYB wana Excel-G, ambayo ni mbadala wa shokapu ya kawaida, na wana New SR Special ambayo ni ngumu kidogo na inavumilia springi fupi za wastani. Shokapu za njano za kampuni ya Koni zinazungushwa kuongeza nguvu ya kutuliza springi inaporudi, hivyo zinakubali springi za aina nyingi.

Kwa maoni yetu, seti ya namna hii, yaani springi ya kushusha 25 na shokapu iliyolingana nayo, ndiyo inayowafaa wengi wanaoendesha Dar kila siku. Haina mbwembwe, haihitaji kurekebishwa, na inatulia kwenye lami mbovu kuliko koilova (swali la 7) ya bei rahisi.

7. Koilova ni nini, na kwa nini bei zinatofautiana sana?

Ni shokapu na springi vilivyounganishwa kwenye mwili wenye nyuzi kama za bolti, ili kimo kirekebishwe kwa kuzungusha. Kuna aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kwetu kuliko kwa mtu wa Ulaya.

Aina ya kwanza inashusha gari kwa kuteremsha kikombe kinachobeba springi. Ukishusha sana, unakula ile nafasi ya swali la 2. Aina ya pili ina kipande cha chini kinachojizungusha peke yake, kwa hiyo unafupisha mwili mzima wa shokapu na nafasi ya kushuka inabaki ileile. Tein Street Advance Z ni ya aina ya kwanza, Flex Z ni ya aina ya pili, na zote zina hatua 16 za kurekebisha nguvu ya shokapu. Kwa barabara zetu tungelipia hiyo ya pili. Kumbuka tu kwamba ukilishusha mno kwa njia hii tairi ndilo litakalofika kwenye fenda kwanza.

Bei inaongozwa na yaliyo ndani: ubora wa sili, mafuta, vali, na kama inaweza kufunguliwa ikatengenezwa. Öhlins na KW za juu hutengenezwa upya zikichoka. Flex Z imezibwa, ikifa unanunua nyingine. Halafu zipo koilova zisizo na jina, zenye rangi kali na springi ngumu kama nondo. Hizo zikifungwa gari linakuwa gumu mara moja, mteja anaamini amepata kitu cha mashindano, na baada ya masika moja nyuzi zimeshikana kwa kutu. Usizinunue.

8. Nimeambiwa seti ina "8K mbele, 6K nyuma". Maana yake?

Ni ugumu wa springi kwa kilo kwa kila milimita, jinsi Wajapani wanavyouandika. Springi ya 8K inahitaji kilo 8 ili ibonyee milimita moja. Watengenezaji wa Ulaya huandika kwa nyutoni: 1K ni kama nyutoni 9.8 kwa milimita. Wamarekani huandika kwa pauni kwa inchi, na huko 1K ni kama 56.

Usilinganishe namba ya gari moja na ya jingine. Kwenye Impreza, shokapu ya mbele inakaa karibu kabisa na tairi, hivyo springi inabanwa karibu sawa na tairi linavyopanda. Kwenye Altezza na Mark X, zenye mikono miwili juu na chini, springi inakaa ndani zaidi kwenye mkono, na tairi likipanda milimita 10 springi inaweza kubanwa 6 au 7 tu. Ugumu unaofika kwenye tairi ni namba ya springi mara uwiano huo, kisha mara uwiano huo tena. Springi ya 10K yenye uwiano wa 0.6 inafikisha 3.6K kwenye tairi. Springi ya 5K yenye uwiano wa 0.95 inafikisha 4.5K. Hiyo ya "5K" ndiyo ngumu zaidi.

Kwa matumizi ya kila siku hapa, tunapenda ugumu usiozidi mara moja na nusu ya ule wa kiwandani. Ukifika mara mbili, lami ya Kilwa Road itakufundisha kila asubuhi.

9. Nikikaza springi kwa kuzungusha kikombe juu, gari linakuwa gumu zaidi?

Hapana, kama springi ni ya ugumu mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Springi ya 6K ikibeba kilo 300 itabonyea milimita 50, uikaze usiikaze. Ukiikaza 5 kabla, gari linapanda 5 tu, na springi inabaki 6K. Kinachobadilika ni nafasi ya tairi kuteremka: ukikaza sana, tairi likifika juu ya shimo halishuki kulifuata, linaning'inia, na gari linapiga kishindo likifika upande wa pili.

10. Hatua za kuzungusha juu ya shokapu niziweke wapi?

Anza katikati. Endesha njia unayoijua. Gari likiendelea kupanda na kushuka mara mbili tatu baada ya tuta, kaza hatua mbili. Likigonga kwa ukali kwenye rasta ndogondogo, legeza hatua mbili. Kushoto na kulia lazima zilingane. Hesabu kutoka mwisho uliokazwa kabisa, uandike kwenye simu.

11. Fundi amesema tukate springi, ni bure. Nimkubalie?

Usikubali. Hata kama ni fundi wako wa siku zote, hata kama ameshawafanyia wengi.

Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ikikatwa mmoja, inakuwa ngumu kwa asilimia 20. Gari linashuka zaidi ya hapo, kwa hiyo nafasi inapungua kwa haraka kuliko ugumu unavyoongezeka, na unatua kwenye raba kama tulivyoeleza swali la 2. Ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kitako chake. Tairi likining'inia, kwa mfano ukijeki au ukiruka tuta, springi inaweza kuchomoka mahali pake na kurudi ikiwa imekaa upande. Wanaopasha springi kwa moto hadi ilale ni wabaya zaidi, maana chuma kinapoteza ule ugumu kiliopewa kiwandani na kinaendelea kulala kila mwezi, upande mmoja zaidi ya mwingine.

Mafundi wetu wengi wamezoea kazi ya kinyume, yaani kunyanyua gari kwa spesa. Ni hodari kwa hilo. Kushusha ni kazi nyingine.

12. Used za Japani za Gerezani au Ilala zinafaa?

Zinafaa ukijua kuzikagua, na bei yake inavutia kwa haki. Simamisha shokapu wima, ibonyeze hadi mwisho. Ya gesi inarudi yenyewe taratibu bila kukwama. Ikibaki chini, iache. Ikishuka ghafla sehemu fulani ya njia kama ndani kuna hewa, iache. Pitisha kucha kwenye shafti: ukisikia vidoti vya kutu, sili itakatwa nayo. Angalia unyevu wa mafuta chini ya sili, na usiridhike na shokapu iliyofutwa ikang'aa kuliko springi yake.

Kwenye koilova, dai kikombe na nati zizungushwe mbele yako kwa spana yake. Zikigoma dukani, kwako hazitazunguka kamwe. Hakikisha pia namba ya chasisi ya gari iliyotokea. Maunti za Altezza na za Mark II zinaweza kukudanganya kwa macho.

13. Vipi kuhusu beluni za hewa?

Kwa anayetaka gari lilale kabisa likiegeshwa na bado lipande tuta, hakuna njia nyingine iliyo salama. Unapata kompresa, tangi, vali na beluni nne, na unanyanyua gari kwa kitufe kabla ya geti.

Gharama ya pili ndiyo inayowashtua watu. Hewa ya Dar ina unyevu, na kompresa inaunyonya. Bila kikausha hewa na bila kufungua maji ya tangi mara kwa mara, vali hushika kutu na gari hulala upande mmoja asubuhi. Kwa anayekaa Kigamboni au Mbezi Beach karibu na bahari, viungio vyote viwe vya shaba au chuma kisichoshika kutu. Kama huna fundi anayeielewa mifumo hiyo, chagua jibu la swali la 6.

## Kufunga na kurekebisha

14. Fundi wa mtaani anaweza kufunga?

Anaweza, na wengi wana mikono mizuri. Hakikisha mambo mawili. La kwanza ni kibanio halisi cha springi. Springi iliyobanwa imebeba nguvu ya kuvunja taya, na kuifunga kwa waya au kamba ni hatari kwa huyo kijana anayeishika.

La pili hukosewa karibu kila gereji. Bushi za raba zimeshikwa na chuma cha ndani kinachobanwa na nati. Ukikaza nati hizo gari likiwa limejekiwa na mikono inaning'inia, raba inaganda kwenye mkao huo. Gari likiteremshwa, raba inabaki imejikunja muda wote, na inapasuka mapema huku ikisukuma gari lisikae kwenye kimo chake. Fungia nati kwa mkono tu, shusha gari likae kwa matairi yake au pandisha mkono kwa jeki hadi kimo cha kawaida, kisha ndipo ukaze. Simama pale uone hilo likifanyika.

15. Kwa nini tairi zinaliwa ndani baada ya kushusha, na alaimenti nifanye lini?

Gari likishuka, mikono inabadilisha pembe, na tairi zinainama juu kuelekea ndani. Hiyo ni kemba. Watu huilaumu peke yake, lakini kinachomaliza tairi kwa haraka ni too, yaani tairi za kushoto na kulia kutazamana au kupeana mgongo. Zikiwa hivyo, zinaburuzwa kila mita.

Fanya alaimenti mara tu baada ya kufunga, ili usile tairi. Rudia baada ya kilomita kama 500, springi zikishakaa. Omba karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, vya magurudumu yote manne. Mark X, Altezza na BMW zina marekebisho ya nyuma pia, na anayekuambia nyuma haifanyiwi alaimenti kwenye magari hayo, nenda kwingine. Too ikiwa sawa, kemba hasi ya nyuzi (digrii) moja na nusu haitakuumiza. Ikipita hapo na huna pa kurekebishia, utahitaji bolti za kemba au mikono inayorefushwa.

16. Nimeshusha sana, sasa gari linalala zaidi kwenye kona na usukani unavutwa nikipita shimo. Imekuwaje?

Hili huwakuta zaidi wenye magari ya shokapu wima mbele, kama Impreza na Golf. Mkono wa chini ukiwa umelala sawa na ardhi au ukishuka kuelekea tairi, mambo ni mazuri. Ukishusha hadi mkono uinuke kuelekea tairi, kile kitovu ambacho gari hulalia kinashuka haraka kuliko uzito wenyewe unavyoshuka. Umbali kati yao unaongezeka, na gari linataka kulala zaidi ingawa liko chini. Taerodi nazo zimepinda, hivyo tairi likipanda linajikata lenyewe kulia au kushoto.

Dawa ni bolijointi ndefu zinazorudisha mkono kwenye pembe yake, pamoja na taerodi endi zinazolingana nazo. Dawa ya bei rahisi ni kupandisha gari sentimita moja na nusu. Tungeanza na hiyo.

17. Taa zangu zinaangaza karibu sana sasa. Balbu zimechoka?

Magari yenye taa za zenoni huwa na sensa yenye kijiti kidogo kwenye mkono wa nyuma. Gari likishuka, sensa inadhani umejaza mizigo kwenye buti, na inainamisha taa. Rekebisha urefu wa kijiti au weka upya kwa mashine. Usizinyanyue taa kwa skrubu kwa kukisia, utawapofusha wanaokuja mbele Barabara ya Bagamoyo usiku.

## Barabara, mvua na sheria

18. Matuta nitayapitaje?

Kwa mshazari, tairi moja moja, pale barabara inaporuhusu na hakuna bodaboda ubavuni. Achia breki kabla tairi halijapanda, kwa sababu ukiwa umeibana pua imeshazama. Weka kinga ya chuma au alumini chini ya sampu, lile bakuli la mafuta ya injini. Egzosti ndiyo mara nyingi inayogusa kwanza, kwa hiyo badilisha raba zake zilizolegea kabla hujalaumu kimo.

19. Rimu kubwa je?

Tairi la 205/55R16 lina ukuta wa milimita 113. La 225/45R17 lina 101. La 235/35R19 lina 82 tu. Ukishusha gari na kuongeza rimu kwa wakati mmoja, umepunguza vitu viwili vinavyokulinda na shimo moja. Kwa Dar, inchi 17 kwenye gari lililoshushwa ndio mpaka wetu. Rimu zikipinda, usukani utatetemeka na utatafuta kosa kwenye springi ambazo hazina hatia.

20. Masika ikifika nifanye nini?

Jua njia zako za kuzunguka, hasa kama unapita Jangwani. Kama umefunga kichujio cha hewa chini ndani ya bampa, kirudishe juu kuanzia Machi. Maji yakiingia kwenye silinda, konrodi zinapinda na injini imekwisha. Baada ya mvua, osha matope kwenye nyuzi za koilova na upake grisi nyepesi au nta ya kuzuia kutu.

21. Trafiki na bima watasemaje?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu barabarani. Springi iliyokatwa, tairi linalosugua fenda au tairi lililoliwa hadi waya ni vitu ambavyo askari ana haki ya kukusimamisha navyo. Seti iliyofungwa vizuri, yenye risiti na karatasi ya alaimenti, inajieleza.

Kwa mwenye bima kubwa, iandikie kampuni yako kuhusu mabadiliko kabla, upate jibu la maandishi. Kuficha jambo linalogusa hatari ya gari kunaweza kuifanya kampuni ikatae kulipa.

## Mambo ya pembeni

22. Forester yangu imelala nyuma baada ya kubadili shokapu. Springi zimekufa?

Huenda ni nzima. Baadhi ya Forester zilikuja na shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe gari linapobeba mizigo. Shokapu hizo husaidia kubeba uzito, kwa hiyo springi zake ni laini kuliko za kawaida. Ukiweka shokapu za kawaida, lazima ubadili na springi.

23. Nina familia, na kila mwezi tunakwenda Morogoro. Nishushe?

Fanya hesabu ya abiria. Watu wazima watatu wa kilo 70 nyuma ni kilo 210, kilo 105 kwa kila tairi la nyuma. Kama ugumu unaofika kwenye tairi ni 3K, mkia unashuka milimita 35 kabla hujaweka begi hata moja. Ukiwa umeshashusha 40, nafasi imekwisha ukiwa bado Ubungo. Kwako tungesema 20, springi ya nyuma ngumu kidogo kuliko inavyopendekezwa, na upepo wa tairi wa mzigo kamili kama ulivyoandikwa kwenye mlango.

24. Springi na shokapu za zamani nizitupe?

Zihifadhi, pamoja na maunti, bolti na raba zake zote, kwenye mfuko mmoja wenye jina la gari. Zipake mafuta, maana hewa ya chumvi haiachi chuma kikavu hata stoo. Siku ya kuuza gari, wanunuzi wengi wa hapa watataka lirudi kimo chake, na mwenye vifaa vya awali anauza koilova zake kando kwa bei nzuri.